Ng'ombe wa Karatasi

Jiwe liligonga bati kabla Sajenti Immakulata hajafunga mlango wa gari. Likabiringika juu ya paa, likadondokea kwenye turubai la soya iliyoanikwa uani. Konstebo Leonidasi aligeukia kundi la vijana waliosimama nyuma ya ua wa minyaa.

"Nani karusha?"

Jiwe likisharushwa halina mwenyewe, hata kama mrushaji bado ana vumbi mkononi.

"Kaa hapo hapo kwenye gari," Immakulata alimwambia. "Wakuone vizuri. Na usiwashe redio."

Kibanda kile cha bati, pembeni mwa barabara ya Kumsenga, ndicho kilichokuwa kiwanda cha Aline Harerimana. Aline mwenyewe alikuwa mahabusu Kasulu. Chupa alizomuuzia mfanyabiashara Abbasi zilinywewa kwenye walima wa binti yake Abbasi, Firdausi. Wazee wakaugua, na Mzee Khamisi, baba mzazi wa Abbasi, akafa. Abbasi ndiye aliyekuja kituoni kumtaja Aline, macho mekundu, kanzu ya mazishi bado mwilini. Mkuu wa upelelezi, Afande Ridhiwani, alitaka jalada la mauaji limfikie mwendesha mashtaka alasiri hiyo. Mitaani hawakungoja alasiri. Walishasema Mrundi kawanywesha watu sumu, na hakuna aliyejali kwamba Aline alizaliwa Kibondo, akasoma Kibondo, na ni Mtanzania kama wao.

Immakulata hakuyapenda majalada yanayoiva haraka. Yalimkera kama ugali wa wageni, nje unang'aa na ndani ni unga mtupu.

Mwanamume mmoja mwembamba alitoka kibandani akijifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa Melkiadi, mume wa Aline.

"Mwakeye," Immakulata alimsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, afande. Umekuja kunichukua na mimi?"

"Nimekuja kuona ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Immakulata alitoa chupa kwenye mfuko wa vielelezo. Ilikuwa na lebo nyeupe, maandishi makubwa mekundu, MAZIWA SAFI, na chini yake ng'ombe mnene wa madoa meusi amesimama kwenye majani mabichi. Chupa ya aina hiyo ndiyo iliyookotwa nyumbani kwa Abbasi.

"Huyu hapa."

Melkiadi aliitazama ile chupa, akamtazama yeye, kama mtu anayetaniwa msibani.

"Afande, sisi ng'ombe tumtoe wapi? Hata mbuzi hatuna."

Alimwingiza ndani. Kulikuwa na ndoo za soya iliyolowekwa, mashine ya kusagia, vitambaa vya kuchujia, na sufuria kubwa juu ya mafiga. Soya husagwa, huchujwa, huchemshwa na sukari na vanila, hutiwa kwenye chupa ikiwa ya moto. Hakukuwa na harufu ya zizi wala tone la maziwa. Kwenye kreti pembeni zilijipanga chupa zilezile, umbo lilelile, kifuniko kilekile cha bluu. Lebo tu ndiyo ilikuwa nyingine, ya kijani, yenye picha ya ganda la soya: KINYWAJI CHA SOYA. Aline H., Kumsenga.

"Kasulu nzima inasema mkeo anauza maziwa."

"Waulize wa Kasulu. Tangu tuanze ni soya."

Immakulata aliinua chupa ya ng'ombe kwenye mwanga wa mlangoni. Pembeni, mahali karatasi ilipokatwa vibaya, ulichungulia uzi mwembamba wa kijani. Akaomba beseni la maji, akailaza chupa humo, akachuchumaa kuisubiri. Nje jiwe jingine liligonga bati, na Leonidasi akasikika akifoka.

"Hii ya kijani ilikuwa inauzika?" Immakulata aliuliza.

"Oya, haikuuzika. Aline kaizungusha sokoni mpaka miguu imevimba. Mtu akisoma soya anauliza, hii si ya kambini, kwa wakimbizi? Ya msaada, imetoroshwa? Mama mmoja kamwambia mbele za watu, mimi siumwi, kampelekee wa kliniki. Sisi wenye majina ya Kirundi kama haya ndiyo kabisa, afande. Ndugu zetu wenyewe hawataki kuonekana wameshika soya, wataambiwa bado wanakula mgao."

"Na wewe ukafanyaje?"

Melkiadi alijifuta tena mikono kwenye suruali, na Immakulata aliona ilikuwa imeshakauka.

"Nilimwambia Aline tuweke ng'ombe. Soya uiite soya, basi, lakini ng'ombe akae pale juu. Alikataa. Tuligombana. Akasema anayekunywa ajue anakunywa nini."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemtaka ng'ombe."

"Nilitaka tule, afande."

Lilikuwa jibu la kweli au jibu la mtu mwenye hatia, na yote mawili huonekana sawa usoni. Immakulata aliingiza mkono ndani ya beseni. Karatasi nyeupe ilitoka bila kuvutwa, ng'ombe akaelea juu ya maji. Chini yake ilikuwapo lebo ya kijani, imebandikika barabara. Alisoma mistari midogo ya mwisho kwa sauti.

"Hakina maziwa ya ng'ombe. Kikifunguliwa kinywewe siku hiyohiyo. Kisilazwe."

Alisugua vidole. Vilikuwa na ute mweupe unaoteleza. Akanusa. Ulikuwa uji wa muhogo, gundi ya watu wanaobandika matangazo.

"Lebo zenu mnabandika na nini?"

"Zinakuja na gundi yake nyuma. Unabandua, unabandika. Wanatuchapia Kigoma mjini."

Immakulata alipekua kibanda chote, kila ndoo, kila kikopo. Hakuona uji wa muhogo wala karatasi nyeupe. Mwishowe alichukua chupa moja ya kijani kwenye kreti, akaifungua, akainywa yote mbele ya Melkiadi. Ilikuwa tamu, nzito kidogo, na harufu ya vanila ilimpanda puani.

"Unakunywa?" Melkiadi aliuliza taratibu.

"Nikidondoka, Leonidasi yupo."

Hakudondoka. Alichukua chupa nyingine mbili, akawaendea wale vijana wa minyaa, akawaambia kwamba jiwe litakalofuata atalichukua kama kielelezo na aliyelirusha atalisindikiza Kasulu. Wakatawanyika wakinung'unika. Alijua watarudi.

Njia nzima simu ilimsumbua. Walipopita Makere, Afande Ridhiwani alipiga tena.

"Immakulata, jalada liko wapi?"

"Linakuja, afande."

"Watu wamejaa nje ya kituo. Wanataka yule mwanamke wapewe."

"Asitolewe hata kwenda chooni bila askari wawili. Si mauaji, afande. Nina hakika nusu."

"Nusu haiendi mahakamani. Una mpaka alasiri."

Leonidasi, macho barabarani, alitoa yake. "Mimi naona mume, afande. Amekiri alimtaka ng'ombe. Kabandika kwa siri, kasahau kusafisha chupa, watu wakaumwa."

"Chupa ziliuzwa mji mzima kwa miezi. Walioumwa ni wa nyumba moja, siku moja, na wote ni wazee. Chupa chafu inajuaje umri wa mtu?"

Leonidasi alikuna kichwa, akaongeza mwendo.

Shahidi mkuu wa jalada lile alikuwa Twalibu, mwenye mgahawa karibu na soko la Kasulu. Ndiye aliyepika pilau ya walima, na ndiye aliyeandikisha kwamba alipoonja kile kinywaji alisikia ladha ya sumu ya pamba. Walimkuta akikaripia watu wa jikoni. Alipowaona askari akageuka mkarimu ghafla.

"Karibuni, karibuni! Chai? Supu?"

"Vikombe viwili vitupu," Immakulata alisema.

Alimpa mgongo, akamimina, akaweka vikombe vyote viwili mezani. Kwanza akanywa funda kutoka kila kimoja ili Twalibu aone.

"Hiki cha kushoto kinatoka kwa Aline. Usiogope, nimekunywa, nipo. Hiki cha kulia nimekitoa nyumbani kwetu Kagerankanda, baba yangu ana ng'ombe. Nataka uniambie tofauti, wewe ni mtu wa mapishi."

Twalibu alivimba kidogo kwa sifa ile. Alionja cha kushoto kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akatema kwenye ndoo.

"Astaghfirullah! Ndiyo yenyewe. Inakwaruza kooni. Hii mtu kaweka dawa, dada, mimi nimelima pamba Uyowa, naijua."

"Na cha kulia?"

Alionja, akatulia, akanywa tena, akamaliza.

"Haya ni maziwa. Unasikia kabisa ng'ombe kala majani mabichi. Mwambie mzee aniletee, nitanunua."

"Vyote nimemimina kutoka chupa moja," Immakulata alisema, akaiweka mezani ile chupa ya kijani. "Ni soya."

Kijana mmoja jikoni alicheka, akakohoa kujificha. Twalibu alikitazama kikombe kitupu kana kwamba kimemsaliti. Kisha jasho likamtoka. Immakulata alivuta kiti, akakaa karibu naye kuliko ilivyo adabu.

"Uliogopa watu waseme ni pilau yako."

"Dada, mtu amekufa! Na mimi ndiye mpishi! Mgahawa huu ungekuwa wapi leo? Yule mwanamke alishatajwa na Abbasi, nikaona... nikaona haidhuru."

"Haidhuru nani?"

Immakulata alimwacha ateseke kidogo. Kuna mwanamke alikuwa amelala sakafuni mahabusu kwa ajili ya ulimi wa huyu bwana, na hilo lilimtia hasira. Lakini hasira haiandikwi kwenye maelezo.

"Sasa sema kweli. Siku ya walima ulikunywa wewe?"

"Nilikunywa. Chupa nzima."

"Ukaumwa?"

"Hapana. Sote tuliokuwa uani tulikunywa chupa, hatukuumwa."

"Na wazee?"

"Wazee hawapewi chupa, dada. Wazee walikaa ndani, wakapewa mgando. Wa kwenye kibuyu. Nyumba ile ndiyo heshima yao, tangu enzi za marehemu mama yao. Maziwa mabichi ni ya watoto, mzee anapewa yaliyolala."

Immakulata alisimama. Leonidasi alikuwa ameshatoa funguo.

"Nani anagandisha pale?"

"Dada yake Abbasi. Bi Kuruthumu. Hakuna anayemfikia mji huu."

Duka la Abbasi lilikuwa mbele, nyumba nyuma. Duka lilifungwa kwa msiba. Immakulata alisimama mlangoni muda mfupi. Ratiba ya Ramadhani iliyopita ilikuwa bado imebandikwa kwenye mbao, na kingo zake zilikuwa na ukoko mweupe. Aliukwangua kwa kucha, akaulowesha kwa mate, akanusa. Uji wa muhogo tena.

Uani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Immakulata alijifunga kanga aliyoitoa kwenye gari, akawapa pole, akaelekea nyuma ya jiko. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa ameinama juu ya beseni, anasugua kibuyu kwa majivu. Pembeni, vibuyu vingine viwili vilianikwa juani, vyeupe kwa kusuguliwa. Na kwenye shimo la taka, chini ya maganda ya ndizi, Immakulata aliona vipande vya kibuyu kikubwa kilichopasuliwa. Mdomo wake ulikuwa mweusi kwa moshi.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu. Pole kwa kufiwa na mzee."

"Marahaba. Tumeshapoa, mwanangu." Mikono haikusimama.

"Kile cha shimoni kilivunjika lini?"

Mikono ikasimama.

"Nilikivunja mimi. Tulipotoka kuzika."

"Kwa nini?"

Kuruthumu alitazama upande wa mikeka. Aliposema, alisema chini sana.

"Kile ni igisabo cha mama yangu, kibuyu cha maziwa ya wazee. Nimekiosha kwa maji ya moto, nimekifukiza kwa makaa, kama alivyonifundisha. Nilidhani nimekiosha. Maziwa ya Abbasi nikayatia humo, nikayalaza mpaka yakashikana vizuri, mazito. Nikamtilia baba kikombe cha kwanza kwa mkono wangu. Akasema, leo umenitilia sukari, mwanangu. Nikacheka. Usiku wake..."

"Hukusema kituoni."

"Abbasi alisema ni sumu ya yule mwanamke. Kila mtu akasema. Nikajiambia labda ni kweli. Lakini mimi ninajua. Kibuyu hakikutakata. Nilikuwa na harusi kichwani, nikafanya haraka, nimemuua baba yangu kwa uchafu." Alichukua majivu tena, akaanza kusugua. "Tangu siku ile naosha tu. Siwezi kuacha."

Immakulata alitaka kumshika mkono. Aliuliza swali badala yake, kwa sababu lilikuwa limebaki moja.

"Ulipopewa zile chupa, uliuliza ni maziwa gani?"

"Niliuliza. Kiangazi hiki maziwa ni shida, nilishangaa kayapata wapi. Abbasi alikuwa na haraka. Akaniambia, dada, si unamwona ng'ombe hapo kwenye chupa?"

Abbasi alikuwa stoo, amekaa juu ya gunia la chumvi, tasbihi mkononi. Hakuinuka walipoingia. Kwenye rafu nyuma yake Leonidasi aliona chungu kidogo cha uji uliokauka, na brashi imegandia ndani yake. Chini ya rafu kulikuwa na bunda la karatasi nyeupe, ng'ombe juu ya ng'ombe.

"Hizi zimechapwa wapi?" Immakulata aliuliza.

"Hapa hapa mjini," Abbasi alisema. Hakujaribu kukana. "Nilijua utakuja. Lakini lebo si sumu, afande."

"Nieleze."

"Ile ya kijani ilinidodea hapo rafuni. Wateja wangu wananiuliza, Abbasi, siku hizi unauza vitu vya kambini? Mzee mmoja wa msikitini alinionya, usije ukashikwa na mali ya msaada. Nikafungua chupa, nikanywa, kitu kitamu! Nikawapa watu kwenye glasi bila kuwaambia, wakasifu. Nikiwaonyesha chupa wanarudisha glasi. Sasa wewe ungefanyaje? Nikaweka ng'ombe. Chupa zikaisha siku ileile. Aline hakujua. Aliniuliza mbona zinatoka hivyo, nikamwambia watu wameanza kuelewa. Kilichomo ni kilekile, afande! Sikuongeza kitu, sikupunguza kitu. Mimi mwenyewe nakunywa."

"Na ulipomtaja Aline?"

"Baba yangu alikufa! Ningemtaja nani? Kama chupa zote ni salama na hii imeua, basi kuna mtu katia kitu."

Immakulata alitoa ile chupa aliyoilowesha Kumsenga, lebo yake ya kijani ikiwa wazi, akaiweka juu ya goti la Abbasi.

"Soma chini, ulipoziba."

Abbasi alisoma. Midomo ilicheza bila sauti. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Maziwa ya ng'ombe ukiyalaza kwenye kibuyu yanaganda," Immakulata alisema. "Hii imeshachemshwa, ukiilaza inaoza. Nayo inashikana, inakuwa nzito, ukiitazama utasema mgando. Harufu imemezwa na moshi wa kibuyu na vanila. Vijana wamekunywa chupa, wazima. Wazee wamepewa iliyolala, kwa heshima yao."

"Nani aliilaza?" Abbasi aliuliza, na kabla hajajibiwa alishajua. Tasbihi ilimwanguka. "Aliniuliza. Wallahi aliniuliza. Nikamwambia..."

"Ninajua ulimwambia nini."

Alilia kama wanavyolia wanaume wasiozoea, kwa kukasirika. Immakulata alitoka mlangoni, akampigia Afande Ridhiwani. Maneno yalimtoka mafupi: hakuna mauaji, shahidi amedanganya, Aline Harerimana atolewe kwa mlango wa nyuma na arudishwe Kumsenga kwa gari la polisi, askari wakae naye. Afande alifoka, akauliza maswali matatu kwa mkupuo, kisha akasema sawa.

Leonidasi alikuwa na pingu mkononi.

"Ngoja," Immakulata alimwambia, akamgeukia Abbasi. "Uzembe uliosababisha kifo, na maelezo ya uongo kwenye bidhaa. Mengine atasema mwanasheria. Tunaondoka sasa hivi. Ila kuna mtu huko nyuma anaosha vibuyu tangu mlipozika."

"Mwambie wewe, afande. Mimi siwezi. Nakuomba."

"Mimi sikumwonyesha ng'ombe."

Abbasi aliinuka. Alichukua chupa moja rafuni na kutoka nayo uani. Wanawake wa mikekani waligeuka mmoja mmoja kumtazama. Alipita katikati yao, akafika nyuma ya jiko, akapiga magoti kando ya beseni la dada yake kwenye matope ya majivu. Alitumbukiza chupa ndani ya maji yale ya kijivu, akaisugua kwa dole gumba mpaka ng'ombe akachanika na kutoka vipande vipande. Kisha akamkabidhi.

Kuruthumu alifuta majivu kwa pindo la kanga. Alisoma polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Alipofika mstari wa mwisho aliusoma tena kwa sauti, na kila mtu uani alimsikia.

Hakumtazama kaka yake. Aligeuza shingo upande wa shimo la taka, kwenye vile vipande vya kibuyu.

"Kumbe kilikuwa kisafi," alisema.